Plasta inaanza baada ya wiki mbili: waya gani, na upite wapi?

SWALI

Habari za kazi, mafundi washauri.

Ninajenga nyumba ya wageni hapa Mwanza, ya ghorofa moja: vyumba sita chini na sita juu, korido katikati, mapokezi na ofisi ndogo upande wa ngazi. Kuta ni tofali za saruji za inchi 6. Paa limeshaezekwa, na vyumba vyote pamoja na korido vitawekwa siling ya jipsamu. Mafundi wa plasta wanaingia baada ya wiki mbili, na hapo ndipo nilipokwama.

Fundi umeme ameshalaza paipu zake za milimita 20 na amechimba mifereji ya soketi karibu vyumba vyote. Nilipomwambia nataka pia intaneti, kamera, televisheni kila chumba, kengele ya moto na kufuli la kadi mlango mkuu, akasema hakuna shida, waya wa mtandao hauna umeme, upite humohumo kwenye paipu zake, tutaokoa paipu na ukuta. Kijana wa kamera akakataa. Yeye anataka achimbe mifereji yake, na ameshapiga alama za chaki: mingine imekwenda mshazari kutoka kona ya dari hadi kitandani, mingine iko mgongo kwa mgongo na soketi za chumba cha pili. Ameniletea na maboksi mawili ya Cat6, huo waya wa mtandao, kwa bei nzuri sana, boksi unaliinua kwa mkono mmoja. Anasema waya huohuo utafanya kila kitu, kamera, kengele ya moto, hata kufuli.

Getini, mita kama 70 kutoka mapokezi, nataka kamera moja na simu ya mlinzi.

Nani kati yao yuko sahihi? Ninunue waya gani, na kiasi gani? Na ukuta mmoja wenye chumba huku na huku tuugawane vipi? Nikitazama zile chaki naona nitabaki na ganda la ukuta.

Mama wa Gesti, Mwanza

JIBU

Mama, pole na ujenzi. Kila fundi kakupa nusu ya jibu. Fundi umeme yuko sahihi kwamba ukuta usichimbwe ovyo, na kijana wa kamera yuko sahihi kwamba waya wake usikae paipu moja na umeme. Kwa waliyobaki nayo, wote wawili warudi nyuma kidogo.

Tuanze na paipu ya pamoja, maana hiyo ni hatari. Ganda la plastiki la waya wa mtandao halikutengenezwa kuzuia volti 230. Siku fundi anapovuta waya wa umeme ukakwaruzwa kwenye ukingo wa boksi, shaba yake ikagusana na waya wa mtandao uliokwaruzwa hapohapo, umeme wa ukutani unatokea kwenye kamera, kwenye swichi ya mtandao (kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa nyaya zote), na kwenye kompyuta ya mgeni iliyochomekwa. Kanuni za Kiingereza za BS 7671, ambazo mafundi wengi wa kwetu wamekulia humo, zinakataza kuchanganya nyaya hizi ndani ya paipu au boksi moja, isipokuwa kila waya uwe na ganda linalostahimili volti kubwa kuliko zote zilizomo, au kuwe na kizuizi katikati. Cat6 ya dukani haina ganda hilo.

Watu hupenda kutaja kwanza mwingiliano, kwamba umeme utaharibu intaneti. Upo, ila umekuzwa. Jozi za Cat6, yaani nyuzi zake nane zilizopangwa mbili mbili, zimesokotwa makusudi ili kelele inayoingia waya mmoja iingie na mwenzake, kisha zifutane. Kwa mita mbili za kushuka ukutani hutaona tofauti yoyote. Unapoanza kuona ni pale nyaya zinapolala sambamba mita 20 za korido zikiwa zimefungwa pamoja. Kwa hiyo fuata vipimo hivi: koridoni acha sentimita 20 kati ya umeme na mtandao, kwenye mfereji wa kushuka, sentimita 5 zinatosha mradi kila kimoja kina paipu yake, na pale lazima zipishane, zikatane kwa pembe mraba, zisitembee pamoja.

Sasa maboksi mepesi. Boksi la mita 305 la Cat6 halisi lina shaba ya karibu kilo 6, bado hujahesabu plastiki. Likiinuka kwa mkono mmoja bila kukunja uso, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Usibishane na mtu, pima. Chuna waya mmoja, ukwangue kwa wembe na utazame ncha iliyokatwa: shaba ni nyekundu hadi moyoni, alumini inang'aa nyeupe chini ya ngozi nyembamba. Kama bado una shaka, kata mita 50, upande mmoja unganisha nyuzi mbili za jozi moja, upande wa pili shika nyuzi hizohizo kwa multimita. Umeme unakwenda na kurudi mita 100. Cat6 ya shaba yenye unene wa kipimo cha 23 (AWG) itasoma omu 7 hivi. Kikomo cha viwango ni omu 9.38. Alumini iliyopakwa itavuka 10. Kumbuka kutoa usomaji wa nyaya za mita yenyewe, ambao huupata kwa kuzigusanisha.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kamera zako na virusha Wi-Fi vitapata chakula kupitia waya huohuo, huu mtindo unaoitwa PoE. Waya wenye ukinzani mkubwa hula volti njiani na kupata joto. Kamera inafanya kazi vizuri mchana, kisha usiku taa zake za infraredi zinapowaka inahitaji umeme zaidi, volti zinashuka, inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Fundi atabadilisha kamera mara mbili kabla hajaushuku waya. Tena alumini ni dhaifu: ukiibana kwenye jeki ya ukutani na kuisukuma ndani ya boksi, uzi mmoja unakatika ndani ya ganda na huuoni. Maboksi hayo yarudi dukani.

Usivutwe pia upande wa pili. Utaonyeshwa Cat6A, Cat7 hata Cat8. Cat6A ni nene, hufika milimita 7 au 8, itakulazimisha kupanua paipu zote, na gesti ya vyumba 12 haina mzigo wa kuidai. Cat6 inabeba gigabiti 1 hadi mita 100, yaani mita 90 za ukutani na mita 10 za nyaya fupi za kuchomeka, na hata gigabiti 10 ikiwa njia haizidi mita 55. Waya wenye karatasi ya fedha ndani una faida ukiwa na jeki za chuma na pachi paneli (ubao wa matundu ambako nyaya zote huishia) iliyofungwa ardhini ipasavyo. Bila hayo umelipia karatasi. Chukua Cat6 ya kawaida isiyo na karatasi, shaba tupu, uzi mmoja mnene kwa kila waya, si nyuzi nyingi laini.

Kiasi tunakihesabu hivi. Televisheni, moja kila chumba, 12. Virusha Wi-Fi, viwili kila korido, 4. Kuta za tofali zinakula sana masafa ya gigahezi 5, kwa hiyo usitegemee kimoja kwa sakafu nzima. Kamera 8: korido mbili, ngazi, mapokezi na pembe nne za nje. Mapokezi nyaya 3, ofisi 2. Jumla 29. Ukipanda darini, ukapita korido, ukashuka ukutani, ukaacha mita 3 za ziada kwenye raki (fremu ya kufungia vifaa vya mtandao) na sentimita 20 kwenye boksi, wastani kwa nyumba ya ukubwa huo ni mita 25. Mara 29 ni mita 725. Maboksi mawili ni mita 610, hayatoshi. Nunua matatu, ya aina moja. Kitakachobaki si hasara, kwa sababu kila boksi huishia na kipande kisichofika popote, na kiungio katikati ya ukuta hakiruhusiwi kabisa. Nyaya 29 hazienei kwenye pachi paneli moja ya matundu 24, kwa hiyo panga mbili na raki ya yuniti 9. Raki isikae kabati moja na sakiti breka, wala ukuta unaopakana na bafu.

Swichi ya PoE isinunuliwe kwa kuhesabu matundu tu. Kamera 8 kwa wati 10 ni 80, virusha 4 kwa wati 15 ni 60, tayari 140. Swichi ya matundu 16 yenye bajeti ya wati 120 itawasha zote mchana na kuangusha mbili usiku.

Hapo kwenye "waya mmoja kwa kila kitu" ndipo tunapotofautiana na kijana wetu kabisa.

Kengele ya moto haipiti kwenye Cat6. Inataka kebo yake inayostahimili moto, kwa kawaida nyekundu, nyuzi mbili za milimita mraba 1.5, kwa sababu lazima iendelee kupiga honi wakati nyumba inaungua. Paipu yake ni yake peke yake. Pale inapopita juu ya jipsamu, vishikizo vyake viwe vya chuma. Vya plastiki huyeyuka, kebo inaning'inia na kumnasa mtu anayekimbia kwenye moshi, au askari wa zimamoto anayeingia. Kitambua moshi kikae angalau sentimita 50 kutoka ukutani, na jikoni kiwe cha joto badala ya moshi, la sivyo kila chapati itaamsha wageni. Kitufe cha kuvunja kioo kiwe mita 1.4 kutoka sakafuni, kimoja kila njia ya kutokea. Mchoro wa kengele ya moto uonyeshe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya plasta, maana wakikuagiza uongeze kitambua moshi baada ya rangi, paipu itaonekana nje. Na jambo dogo linalogharimu sana: fundi umeme akija kupima nyaya kwa mega (kipimio cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500, paneli ya kengele na vitambua moshi viwe vimeshachomolewa.

Kufuli la sumaku la mlango mkuu hutumia volti 12 na karibu nusu ampia. Tuseme pawa saplai iko mita 25 mbali. Ukitumia jozi moja ya Cat6, mita 50 za kwenda na kurudi zina omu 3.35, kwa nusu ampia unapoteza volti 1.7. Mlangoni inafika 10.3, na sumaku inashika kivivu. Mtu akiusukuma kwa bega unafunguka. Waya wa nyuzi mbili za milimita mraba 1 unapoteza kama volti 0.44 tu. Tumia huo, au wa 1.5 kama ndio uliopo dukani, na pawa saplai yenye betri ya ampia-saa 7 iwe karibu na mlango. Kisomea kadi kipate kebo yake ya nyuzi 6 yenye karatasi ya fedha. Aina ya kawaida, inayoitwa Wiegand, huenda hadi mita 150. Kufuli liwe la kushika likiwa na umeme na kuachia likikosa, na kengele ya moto ikipiga ilikatie umeme yenyewe, bila kumsubiri mtu wa mapokezi.

Televisheni: kila chumba kipate Cat6 moja na RG6 moja katika paipu hiyohiyo. Zote hizi ni za volti ndogo, zinaweza kukaa pamoja. RG6 ni ya dishi, kila chumba na waya wake hadi kwenye kigawanyaji, na Cat6 ni ya siku utakapohama kutoka dishi kwenda televisheni ya intaneti.

Tuje ukutani, ambako chaki zimekutisha, na una haki ya kutishika. Ukuta wa inchi 6 ni milimita 150. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene, yaani milimita 50. Wa mlalo usizidi sehemu ya sita, milimita 25, kwa sababu unakata ukuta kama msumeno kwa upana wake wote. Paipu ya milimita 25 ndani ya mfereji wa kina cha 25 inabaki usawa wa tofali, plasta juu yake inakuwa nyembamba, na baada ya miezi michache unaona ufa mrefu ulionyooka kama rula. Kwa hiyo kwako mfereji wa mlalo usiwepo kabisa. Safari zote za mlalo zifanyike juu ya jipsamu, paipu ikiwa imeshikizwa juu ya ukuta bila kuchimba, kisha ishuke wima tu hadi kwenye boksi.

Mshazari ndiyo mbaya kuliko yote. Miaka mitatu ijayo mtu atakuja na drili kufunga taa au picha. Ataona boksi na atadhani, kama mafundi wote wanavyodhani, kwamba waya umepanda wima juu yake. Hatajua umekata kona.

Mgongo kwa mgongo nako kuna hesabu yake. Boksi la mtandao linatakiwa liwe na kina cha milimita 47, kwani waya wa Cat6 haupendi kukunjwa kwa mviringo wenye nusukipenyo chini ya milimita 25, karibu inchi moja, na boksi fupi linauminya. Weka mawili yakitazamana: 94 zimeondoka kwenye 150. Zimebaki 56 za tofali lililotikiswa na tindo pande zote mbili, na sauti ya televisheni ya chumba namba 3 inasikika chumba namba 4 kana kwamba mlango uko wazi. Yapishanishe kwa urefu wa tofali moja, inchi 18, wala usishuke chini ya sentimita 30. Ukikuta boksi la soketi limeshachimbwa upande wa pili, hama wewe. Kuziba shimo na kuchimba jipya kando yake kunaacha ukuta dhaifu kuliko mwanzo.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni huu. Ukuta wa kichwani mwa kitanda uwe wa umeme peke yake: soketi na swichi za taa ya kusomea. Ukuta wa miguuni uwe wa televisheni, na hapo ndipo umeme na mtandao vinakutana. Ukiwa umesimama unautazama, umeme unashuka kushoto na mtandao unashuka kulia, vyumba vyote 12, bila kugeuza hata kimoja kwa kuwa "chumba hiki kimekaa vingine". Boksi la 3x6 la soketi, na boksi la 3x3 la mtandao na antena, ukingo hadi ukingo sentimita 10. Kama kati ya televisheni na ukuta kutakuwa na nafasi ya sentimita 3 tu, plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haitaenea nyuma yake. Shusha maboksi yakae chini ya ukingo wa skrini, au nunua kishikio cha mkono kinachovutika. Amua sasa, kwa kuwa urefu wa boksi unategemea jibu hilo.

Njia ya kuingia chumbani iko juu ya mlango. Kati ya linta na bimu ya juu una kozi kadhaa za tofali; toboa hapo. Linta yenyewe isiguswe, hata kama grenda iko mkononi na fundi anasema atakata "kidogo tu". Ndani ya hilo kidogo kuna nondo. Kutoka koridoni hadi televisheni kila chumba kitakula mita 4 za mlalo na mita moja na nusu ya kushuka, yaani paipu mbili za mita 3. Vyumba 12 ni paipu 24. Nunua 28, za milimita 25.

Usijaribu kuokoa kwa paipu ya 20. Inameza Cat6 mbili kwa raha, lakini Cat6 moja na RG6 moja tayari inalalamika kwenye kona. Ya 25 inameza nne, ya 32 inameza saba. Ukijaza zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani, waya hauvutiki, na fundi atavuta kwa nguvu. Kikomo cha kuvuta Cat6 ni kama uzito wa kilo 11. Ukivuta zaidi msokoto wa jozi unanyooka na ubora unapotea bila ganda kuonyesha alama. Kona zikunjwe kwa springi, zisiungwe kwa elbo kali, na zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Acha kamba ya nailoni ndani ya kila paipu.

Koridoni, juu ya jipsamu, weka trei mbili: umeme ukuta wa kushoto, mtandao ukuta wa kulia. Kebo ya moto ipite upande wa mtandao lakini kwa vishikizo vyake yenyewe. Mwambie fundi jipsamu aache vifuniko vya kufungulia kila mita 4 au 5, vinginevyo trei mmeizika. Kutoka chini kwenda juu toboeni zege nyuma ya mapokezi, paipu mbili za milimita 50, baada ya mhandisi wako kuonyesha nondo ziko wapi. Nyaya zikishapita, nafasi inayobaki izibwe kwa nyenzo ya kuzuia moto, kwani tundu hilo ni bomba la moshi.

Getini usipeleke shaba. Kanda ya Ziwa radi zake unazijua wewe kuliko sisi. Radi ikipiga karibu, ardhi ya getini na ardhi ya mapokezi zinakuwa na volti tofauti kwa sekunde ndogo sana, na waya wa shaba unaoziunganisha unakuwa njia. Inayokufa si kamera ya getini pekee: swichi yote ya mapokezi inakwenda, pamoja na kinasa cha picha za kamera. Laza faiba, waya wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme, ya aina ya singo modi yenye nyuzi 4, mbili za kazi na mbili za akiba, isiyo na waya wa chuma ndani, kwenye paipu ya 32, kina cha sentimita 50 hadi 60. Kebo ya umeme ya getini iwe mbali nayo sentimita 30. Kila upande weka swichi yenye tundu la faiba. Ya getini iwe ndogo na yenye PoE, italisha kamera na simu ya mlinzi. Kuunga faiba ni kazi ya mashine na fundi wake. Mkodi siku moja amalize pande zote mbili.

Kwa wiki mbili ulizo nazo kazi ni paipu na maboksi tu. Waya usivutwe bado. Plasta ina maji na misumari, na Cat6 iliyolowa ncha zake hunyonya unyevu. Ziba maboksi kwa karatasi ya mfuko wa simenti iliyokunjwa ngumu, usiku wa kuamkia plasta piga picha kila ukuta ukiwa na futi kamba imenyooshwa juu yake, na umwonyeshe fundi bomba picha hizo, kwani yeye ndiye atakayefuata na grenda. Nyaya zivutwe plasta ikikauka, kabla ya rangi ya mwisho. Jeki zibanwe baada ya rangi.

Wakati wa kubana, jozi isifunguliwe msokoto zaidi ya milimita 13, na mpangilio wa rangi uwe T568B ncha zote mbili, nyumba nzima. Kila waya uandikwe namba ya chumba raki na chumbani. Testa ndogo ya taa nane inathibitisha kwamba nyuzi zimefika kwa mpangilio, basi. Haioni jozi zilizochanganywa, pale fundi anapopanga rangi kwa kufuata macho yake na taa zote nane zikawaka sawasawa, ilhali mtandao unatambaa. Mwambie achomeke kompyuta na aonyeshe gigabiti 1 kwenye kila jeki, moja baada ya nyingine, zote 29 kabla hujamaliza malipo.

Kamera zikaguliwe kivyake, saa nne usiku, taa za korido zimezimwa na televisheni zote 12 zimewashwa. Kaa mbele ya kinasa nusu saa ukihesabu picha zinazopotea na kurudi.